Subira Isiyo na Zamu



Katika vijiji vya wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, wako wazee waliopata kuulizwa na matabibu maswali ambayo mpita njia angeyasikia angedhani ni mchezo wa watoto barazani: daraja ni nini, leo ni siku gani, mwenyekiti wa kijiji chako anaitwa nani, nitajie wanyama wote uwajuao kabla ya dakika moja kwisha, na njiti hizi za kiberiti, zipange kama nilivyozipanga mimi. Maswali hayo yalitungwa kwa insafu, kwa sababu mitihani ya akili iliyotoka nchi za Magharibi humtaka mzee achore saa ya ukutani, aandike sentensi, atoe saba katika mia na aendelee kutoa, na mzee ambaye hakupata kuingia darasani huanguka katika mtihani wa namna hiyo akiwa na akili zake timamu, ilhali aliyesoma sana huweza kupita hata kama maradhi yamekwisha kumwingia. Utafiti uliofanywa huko Hai kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ukatangazwa mwaka 2013, ulikuta kwamba 6.4 katika kila mia, baada ya hesabu ya umri kusawazishwa, wana maradhi ya usahaulifu ambayo matabibu huyaita dimenshia. Wale waliokuwa wakisema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu, na kwamba mzee wa Kiafrika hazeeki akili, walijibiwa kwa hesabu.

Huo ni mtihani wa haki. Uko mtihani mwingine, usio na haki hata chembe, unaofanywa katika sebule zetu kila Idi na kila Krismasi, na watahini ni sisi wenyewe. Mgeni huingia kutoka Dar es Salaam, au Nairobi, au Maskati, mfuko wa sukari na majani ya chai mkononi, humwinamia mzee usoni, na kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto humwuliza: "Bibi, unanijua mimi nani?" Bibi humtazama, huzungusha macho kutafuta msaada kwa waliokaa, hutabasamu, hutaja jina la mtu aliyekufa zamani. Watu hucheka kidogo. Mmoja hunong'ona kwamba bibi ndiyo basi tena, na mtahini huondoka na habari ya kuwasimulia wenziwe. Bibi hubaki na fedheha ambayo baada ya nusu saa hakumbuki imetoka wapi, walakini fedheha yenyewe haimtoki, na yule anayelala naye chumba kimoja ndiye atakayeilipa kwa kukesha. Ingemgharimu nini mgeni huyo kuingia na kusema, "Shikamoo Bibi, ni mimi Salumu, mtoto wa Mwanaidi," akaketi, akamshika mkono, akazungumza juu ya embe za mwaka huu?

Jioni hii nataka kusema juu ya raha ya maisha ya watu hawa na raha ya wale wanaowalea, na natangulia kukiri kwamba siwezi kuyatenga mawili hayo, kwa sababu sijaona nyumba ambayo mlezi amechoka hadi kukonda na mzee aliyemo akawa na raha.

Tangu maradhi haya yalipopata jina, hali ilikuwa hivyo. Mwaka 1901, mjini Frankfurt katika nchi ya Ujerumani, mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili na mumewe Karl, ambaye alikuwa karani wa reli. Mambo yalianza kwa wivu: Auguste alimshuku mumewe kwamba ana uhusiano na mwanamke wa jirani, kisha akaanza kuharibu mapishi, kuficha vitu, na kupotea katika nyumba yake mwenyewe. Daktari Alois Alzheimer alimhoji na kuyaandika majibu yake, na Auguste alipofariki mwaka 1906 daktari akauchunguza ubongo wake kwa hadubini, na mwezi wa Novemba mwaka uo huo akaeleza mbele ya matabibu wenziwe mjini Tübingen yale aliyoyaona. Jina la daktari limekuwa jina la maradhi. Jina la mgonjwa limo vitabuni. Karl hutajwa kwa nusu sentensi, kama hutajwa. Na ni yeye aliyelala na shutuma zile, akatoka asubuhi kwenda kuandika hesabu za treni bila kujua jioni atakuta nini nyumbani. Maradhi haya yana watu wawili, na wa pili haingii katika maandishi.

Juu ya tiba nitapita upesi, maana hakuna mengi ya kufurahisha. Aina hii iliyobeba jina la Alzheimer ndiyo iliyo nyingi, visa sita hadi saba katika kila kumi. Aina nyingine hufuata kiharusi na shinikizo la damu lisilotunzwa. Zipo dawa zinazopunguza dalili kwa baadhi ya wagonjwa kwa muda. Ya kuponya haipo. Lakini msiharakishe kusema "ni uzee tu," kwa maana upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, huzuni kubwa baada ya msiba, au mchanganyiko wa vidonge vya maradhi mbalimbali vyaweza kumfanya mzee asahau na kuchanganyikiwa vivyo hivyo, na hayo hutibika. Mzee aliyebadilika ghafula katika siku chache apelekwe hospitali, asingojewe.

Sasa na tuingie ndani. Chukueni nyumba moja ya Tanga, tuseme mtaa wa Makorora, ambayo naiunda kwa vipande vya nyumba nyingi. Mama ana watoto watano, watatu wanaume, na aliye naye ni binti mmoja, ambaye ndoa yake ilivunjika, au hakuolewa, au ameolewa na mume mwenye moyo. Hiyo ndiyo kanuni ya uteuzi katika koo zetu, haijaandikwa lakini haikosi. Kabla ya alfajiri mama amekwisha kuamka mara kadhaa akitaka kwenda kwao Pangani, kwa mama yake aliyezikwa kabla ya Uhuru. Adhuhuri amesali mara nne, kwa kuwa kila akitoa salamu husahau kwamba amesali; binti alikuwa akimzuia kwa ugomvi, mpaka mwalimu wa chuoni alipomweleza kwamba aliyeondokewa na fahamu sheria haimkalifishi, na kwamba sala iliyozidi haikumdhuru mtu yeyote. Kuoga ni vita, kwa sababu mwanamke aliyelelewa kwa staha hawezi kuvuliwa kanga na mtu ambaye kwa wakati ule anamwona mgeni, akanyamaza. Jua likielekea kuchwa huja ile saa ambayo walezi wa kila taifa wanaijua, mzee hutaharuki, huvuta kitasa cha mlango, hulia, humtuhumu bintiye wizi wa bangili zilizouzwa miaka mingi iliyopita kwa ada ya shule ya binti huyo huyo. Usiku mlango hutiwa kufuli na ufunguo hulala chini ya mto. Binti huyu alikuwa na meza ya vitafunio karibu na stendi, maandazi na kachori. Meza hiyo sasa ni ya mtu mwingine.

Watu wanamsifu. Majirani humwambia kwamba pepo yake iko wazi. Kaka yake wa Dar es Salaam hupiga simu: "Dada, sisi hatuna la kukulipa, Mungu ndiye atakayekulipa." Siyakanushi malipo hayo, wala si kazi yangu kuyapima. Ninachokikataa ni kumhamishia Mungu deni ambalo sehemu yake kubwa ni letu sisi, tena kwa maneno matamu, kisha tukakata simu tukiwa tumeridhika kana kwamba tumelipa. Katika nchi yetu subira ya mwanamke imesifiwa hata sifa yenyewe imegeuka kifungo, kwa sababu aliyekwisha kuitwa mwenye subira mbele ya watu hawezi tena kusema amechoka bila ya kuonekana amevunja murua. Hata aya ya sura ya Al-Israa inayotukataza kuwatolea wazazi neno la kuchukizwa husomwa sana katika nyumba hizo, na aghalabu husomewa yeye. Aya haikumteua binti. Imewahusu wote watano, na wale watatu wenye nauli wamo.

Shirika la Afya Duniani hukisia kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na maradhi haya, na zaidi ya sita katika kila kumi wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Tena hukisia kwamba ndugu na rafiki wanaolea hutumia kwa wastani saa tano kila siku, na kwamba katika kila saa kumi za ulezi, saba hutolewa na wanawake. Saa tano! Binti wa Makorora angecheka. Hesabu iliyo karibu naye zaidi ni ya Wamarekani wawili, Nancy Mace na Peter Rabins, ambao mwaka 1981 waliandika kitabu kwa ajili ya walezi wakakipa jina la siku yenye saa 36.

Uchovu huo si dhiki ya mlezi peke yake. Huo ndio hewa anayoivuta mgonjwa. Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, Tom Kitwood, alishikilia katika kitabu alichokitoa mwaka 1997 kwamba mtu mwenye usahaulifu hupungukiwa na utu wake si kwa kuharibika ubongo tu, bali pia kwa namna anavyotendewa na walio karibu naye, akayataja matendo yenyewe: kumhadaa, kumfanya mtoto mchanga, kusema juu yake kana kwamba hayupo, kumvutavuta kwa kasi asiyoiweza, kumnyima kufanya jambo ambalo bado analiweza. Na akasema neno ambalo mimi naliona ndilo la maana kuliko yote, kwamba aghalabu watendaji si watu wabaya. Ni watu wenye haraka. Mtu anayeachiwa saa mbili za kupumua humvisha mama yake gauni polepole, mkono mmoja kwanza, huku wakizungumza. Mtu asiyelala tangu juzi humvuta mkono. Ni binti yule yule na mapenzi yale yale.

Wala isidhaniwe kwamba siku ya mgonjwa haina nafasi ya furaha. Usahaulifu haufuti vyote kwa pamoja. Mikono hukumbuka baada ya ulimi kusahau: bibi asiyejua mwaka wala mwezi, mpe milala iliyochanuliwa atakusukia ukili, na kama ukili umekwenda upande hakuna aliyekufa, mpe ungo wa mchele auchambue, hata kama wewe utauchambua tena jikoni kwa siri. Nyimbo hukaa sana. Nimemwona mzee aliyekuwa hatamki sentensi nzima akaimba kaswida mwanzo hadi mwisho na kuwakosoa vijana waliopoteza mahadhi. Mwacheni mtu wa namna hii akae barazani panapopita watu. Kumficha chumbani kwa kuogopa aibu ni kumwongezea usiku mchana.

Hapo huulizwa swali juu ya ukweli na uwongo, nalo ni zito kwa watu wenye dini. Mama anauliza, "Baba yenu mbona harudi?" na baba amefariki miaka mingi. Ukimwambia amekufa, atapokea msiba upya, atalia kilio cha siku ya kwanza, na kesho atauliza tena. Je, utamfisha mume wake kila siku? Ukimwambia yuko safarini, umesema uwongo kwa mzazi. Mimi naona kwamba mara nyingi haulizi habari, anamtafuta mtu, na anayemtafuta mtu haachwi mkiwa kwa kuambiwa, "Unamkumbuka sana Baba. Hebu niambie, alikuwa akipenda kula nini?" Atasimulia. Hakuna uwongo hapo wala hakuna mazishi.

Nisikwepe jambo baya kuliko haya yote. Mara kwa mara magazeti yetu huandika kwamba ajuza fulani amekutwa alfajiri uani kwa watu, hana nguo, hajui alikotoka wala jinsi alivyofika, na umati umekusanyika kwa kuwa amedondoka na ungo akienda kuwanga. Wasikilizaji wangu, mtu mzima anayetoka usiku, anayevua nguo, anayeingia nyumba isiyo yake akidhani ni yake, asiyeweza kujieleza mbele ya tochi: ziondoeni hadithi za ungo, mtabaki na sifa za mgonjwa niliyekuwa nikimweleza tangu mwanzo. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine wakakimbilia hifadhi ya Kaya Godoma kwa kuogopa wana wao wenyewe, na huko Usukumani vikongwe wameuawa kwa wekundu wa macho. Sisemi kwamba kila aliyetuhumiwa alikuwa msahaulifu. Pana ardhi, pana mirathi, pana chuki. Lakini naamini kwamba miongoni mwa waliopigwa wamo waliokuwa wakitafuta tu njia ya kurudi kwao.

Nirudi Hai, kwa sababu huko hawakuishia kuhesabu. Njia ya vikundi iliyobuniwa Uingereza, ambayo wazee hukutana mara mbili kwa juma kwa vikao 14, wakazungumza, wakaimba, wakacheza, wakatambua vitu na kusimulia ya zamani, ililetwa vijijini na kufanyiwa mabadiliko yafaayo watu wasiosoma, na matokeo yakatangazwa mwaka 2017. Wazee walikuwa 34 tu. Fahamu zao zilipata nguvu, wasiwasi ulipungua, na yale matendo yanayowasumbua walezi yakapungua pia. Ubora wa maisha, ulipopimwa, ulipanda kidogo kuliko hayo mengine. Watafiti wana maelezo yao. Mimi, nisiye mtafiti, naona kwamba baada ya kikao mzee alirudi katika nyumba ile ile, na katika nyumba ile mlikuwa na mtu mmoja ambaye hakuna aliyemwalika katika kikundi chochote.

Serikali zetu zimeanza kumwona mzee. Zanzibar tangu Aprili 2016 humpa kila aliyetimiza miaka 70 pencheni jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kumwuliza alifanya kazi gani. Kenya, chini ya mpango wa Inua Jamii, hutoa shilingi 2,000 za huko kwa umri uo huo. Ni jambo la kushukuriwa, nalo hununua sabuni na nepi. Kwa mlezi, kwa jina lake kama mlezi, sijaona fungu. Basi fungu lake litoke kwetu, na si lazima liwe la fedha kwanza. Jumuiya za akina mama misikitini, wanakwaya wa makanisani, vikundi vya kuweka na kukopa, wote hawa hujua kupanga zamu za msiba na za harusi kwa ustadi usio na mfano. Zamu ya kukaa na mzee Jumamosi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, ili binti aende sokoni, au kwa shoga yake, au alale, ni rahisi kuliko kupika pilau ya watu mia tatu.

Lakini zamu ya kwanza ni ya ndugu, na wakati wa kuipanga ni mapema, maradhi yakiwa machanga na mzee angali na kauli. Kaeni kikao. Mwulizeni mwenyewe anataka alale wapi, ahudumiwe na nani bafuni, nani ashike kitabu chake cha benki, shamba lisimamiwe na nani. Kwa maana sahihi itakayotiwa baada ya fahamu kuondoka italeta kesi. Aliye mbali asiyeweza kuja alipie mtu wa kukesha. Aliye karibu aseme siku zake, kwa tarehe, si kwa "nitajitahidi."

Na kwa Waislamu wa pwani liko jambo moja la mwisho ambalo huzungumzwa kwa aibu, nami nitalisema. Mama akifariki, mirathi hugawiwa kama ilivyofaridhiwa, mwanamume fungu la wanawake wawili, na miaka ya kukesha haimo katika hesabu. Mama hawezi kumpa binti hiba wakati hana fahamu, maana hiba yataka akili timamu ya mtoaji. Wala wasia kwa mrithi hausimami ila warithi wenziwe wakiridhia. Kwa hiyo binti aliyeacha meza ya maandazi akalea mpaka mwisho huweza kujikuta na fungu dogo la nyumba inayouzwa, hana mtaji, na usingizi wake umekwisha kuharibika. Sheria haikufunga mlango: warithi, kila mmoja kwa hiari yake, wanaweza kumega katika mafungu yao wakampa. Hiari hiyo ni ngumu kuipata siku ya mgawanyo, wakati dalali amekwisha kutaja bei. Iandikwe katika daftari la kikao kile cha kwanza, chini ya orodha ya zamu, na kaka wa Dar es Salaam atangulie kutia sahihi.